Hakuambiwa Ashuke

Mama mkwe wangu aliinama mbele ya ukuta mpya wa zege, akapeleka mikono nyuma ya kiuno kama mtu anayebeba mtoto, akasema, "Haya Kiyo, panda. Twende nyumbani." Mimi nikatazama pembeni. Wanaume waliokuwa wanamwaga changarawe barabarani waliweka makoleo chini wakavua kofia zao, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi.

Hapo ndipo udongo ulipomfunika mume wangu, Kiyoharu, mwezi wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya theluji, msimamizi akawaambia wafanyakazi wamalizie kipande cha barabara kilichobaki, mlima ukashuka. Mashemeji zangu walikuja, mwili ukachomwa huku huku, wakatuletea mifupa ndani ya boksi lililofungwa kitambaa cheupe. Tukazika. Nikadhani yamekwisha. Lakini bibi huyu, Mama Shimeno, tangu siku ile hakutulia. Kila akitoka kuwasha ubani mbele ya picha, anakuja jikoni kunisumbua.

"Fusae, mle ndani hamna mtu. Mifupa imekuja, mwenyewe hajaja."

"Sasa atakuwa wapi, Mama?"

"Palepale alipofia. Amekaa anangoja mtu wa kumchukua."

Na sasa Obon, siku za wafu kurudi nyumbani, ilikuwa imefika, Obon yake ya kwanza tangu afe. Jioni hiyo kila nyumba kijijini kwetu Kuzuhara ingewasha moto wa mabua langoni kuwapokea wafu wake, na watu wangeanza kwetu, kwa sababu sisi ndio wafiwa wapya. Mama Shimeno aliapa kwamba hawezi kuwasha moto kwa ajili ya nyumba tupu. Amevuka miaka themanini, kiuno kimepinda, anatazama ardhi tangu asubuhi mpaka jioni. Kumwacha aende peke yake nisingeweza, na kumzuia ndiyo kabisa. Basi tukasafiri siku moja kabla, tukalala huko, na asubuhi hiyo tukaanza kurudi: basi, treni, basi tena, milima juu ya milima, na mzigo wetu mkubwa ulikuwa mtu asiyeonekana.

Masharti ya kumbeba mfu namna hii ni rahisi kuyasema. Ukishambeba, mikono haitoki mgongoni. Kila daraja unamwambia, kila handaki unamwambia, na kila mnapopanda au kushuka unamwambia, maana aliyekufa hajui njia, anafuata sauti ya aliyembeba tu. Usipomwambia, anabaki.

Nisiseme uongo, mimi sikuamini. Na hata ningeamini, hamu sikuwa nayo. Mume wangu alikaa miaka mitatu bila kukanyaga nyumbani. Miaka mitatu! Wanaume wenzake wa kwetu wanaokwenda kujenga barabara na mabwawa hurudi Mwaka Mpya, hurudi Obon, hurudi kupanda mpunga. Yeye alikuwa anatuma pesa tu, kila mwezi, utadhani analipia pango. Mimi nikabaki namwogesha mama yake. Nilishajua kuna mwanamke. Mwanamume gani anakaa miaka mitatu milimani kwa ajili ya kokoto?

Tulirudi kuchukua mizigo kwenye nyumba ya wageni tulikolala, ambayo ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa amepanga yeye. Mwenye nyumba, Bi Hamae, ni mjane mnene mwenye maneno mengi na paka wengi. Mama alikaa mlangoni na mikono yake nyuma, ikabidi nimnyweshe chai mimi. Nikaona nisipouliza sasa nitakufa nalo.

"Bi Hamae, wewe mtu mzima na mimi mtu mzima. Niambie tu. Alikuwa na mwanamke?"

Alicheka mpaka paka mmoja akakimbia. "Kiyoharu? Mwanamke wa saa ngapi, dada yangu? Yule akishakula, anakoroma. Kwenye gari la kazi walikuwa wanamwamsha kwa makofi. Hata angempata huyo mwanamke, mkoromo peke yake ungemfukuza."

"Sasa Mwaka Mpya alikuwa anakwenda wapi?"

Akaacha kucheka. "Haendi popote. Wenzake wote wanaondoka, yeye anabaki na mimi na hawa paka. Namchomea vitumbua vyetu vya mchele, anakula, anatazama theluji. Siku moja nikamwuliza, kwani wewe huna kwenu? Akasema, 'Ninako, ila bado hawajanifungulia mlango.' Nikajua ananitania."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama sakafu, lakini yeye hutazama sakafu siku zote.

Bi Hamae akafungua kabati akatoa bakuli la wali, la buluu, limemeguka kidogo ukingoni. "Hili ni lake. Sikujua nilifanye nini."

Siku ya mazishi, bakuli lake la nyumbani nililivunja mimi mwenyewe mlangoni, kama inavyotakiwa, ili marehemu asigeuke njiani akarudi kula na walio hai. Nililibamiza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mashemeji wakatazamana. Kumbe huku lilikuwepo jingine, na hakuna aliyekumbuka kulivunja.

"Umeona sasa?" Mama akaniambia. "Bakuli lake liko huku. Huko nyumbani angekula kwenye nini, kiganjani?" Akaniamuru nilifunge kwenye kitambaa nimtilie kifuani. Nikamtilia.

Safari ikaanza hivyo. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, ile isiyokata wala isiyozidi, na ukungu umekaa katikati ya misonobari. Basi lilipita vijiji ambavyo madirisha yake yamepigiliwa mbao, na mashamba ya mpunga yaliyogeuka magugu. Kila daraja nilisikia sauti ya Mama nyuma yangu: "Kiyo, daraja hili. Shikilia." Nilihesabu moyoni watu waliogeuka kututazama, kisha nikaacha, maana walikuwa wote.

Stesheni nilinunua maboksi matatu ya chakula, kwa sababu Mama alisema matatu. Treni ilikuwa na mabehewa mawili tu. Tulikaa la nyuma, ndilo lililokuwa na nafasi karibu na mlango. Mama akakaa kwenye ncha kabisa ya kiti, nyuma yake kumebaki pengo.

"Egemea, Mama. Treni ikishika breki utaanguka."

"Nimbane mwanangu?"

Boksi la tatu akaniambia nilifungue nimwekee Kiyo pembeni, kitini. Nikaliweka. Wali, samaki wa kuchoma, plamu ya chumvi katikati. Wasichana wawili wa shule waliokuwa wamekaa mbele yetu wakaanza kubanana viwiko na kucheka chini chini.

"Mnacheka nini?" nikawauliza. "Nyie kwenu hamfi?"

Wakainamisha vichwa. Treni ikaingia kwenye handaki, Mama akainua sauti juu ya ule mlio: "Kiyo! Handaki! Ziba pua, moshi!"

"Mama, treni za moshi ziliisha zamani sana."

"Yeye ndivyo alivyozoea tangu mdogo. Umwache."

Kituo kilichofuata akapanda mzee mmoja na kikapu cha mbilingani, za kuchomekwa vijiti vya miguu ziwe ng'ombe wa kupandwa na wafu, bila shaka. Alipoiona mikono ya Mama, akavua kofia. Hakuuliza kuna nini. Aliuliza tu, "Ni nani?"

"Mwanangu," Mama akasema.

"Anashukia wapi?"

"Kamiori. Halafu basi mpaka Kuzuhara."

"Ni mbali. Poleni." Akainama vizuri, akiuelekea mgongo wa Mama na si uso wake. Mtu asiyetujua amemwinamia mume wangu, na mimi mkewe sijamsemesha hata neno tangu asubuhi. Sasa ningemwambia nini? Nilikuwa na neno moja tu, nalo si la kusemwa kwenye treni.

Nikafumba macho, na hasira ina usingizi wake. Nilishtuka treni imesimama, na dereva anasema kwenye kipaza sauti kwamba hapa ni Omata, mabehewa yanaachana: la mbele linapanda Kamiori, la nyuma linateremka baharini. Na kengele ya kuondoka ilikuwa inalia.

"Mama! Behewa la mbele! Inuka, haraka!"

"Ngoja nimwambie—"

"Utamwambia huko huko!"

Nikamshika kwapa, nikamvuta. Mkono wake mmoja ukatoka mgongoni. Nilikokota mifuko kwa mkono wa pili, nikamkokota yeye, tukakimbia kwenye mvua, kama unaweza kuita kule kukimbia, na mlango ukafungwa nyuma yetu nusura ubane kanzu yake. Nilianguka kitini natweta. Nilijisifu hata, kwamba bila mimi tungekuwa tunakwenda kuogelea.

Treni ikapanda. Ikapita daraja refu la chuma, chini maji ya udongo. Mama kimya.

"Mama, daraja."

"Nimwambie nani?"

Nikageuka. Alikuwa ameegemea kiti, mgongo wote umegusa, mikono miwili imelala mapajani.

"Mgongo wangu mwepesi, Fusae. Hayupo. Hakuambiwa ashuke."

Hapo nikapasuka. Watu walikuwepo, sikujali. "Kama angetaka kuja, angekuja alipokuwa na miguu! Miaka mitatu, Mama! Nimekungoja chooni, nimekulisha, nimekukanda miguu, na yeye amekaa anakula na paka! Hakufa akiwa njiani kuja kwetu huyo. Sasa nikimbizane na treni kumtafuta mtu ambaye hakunitaka?"

Kila mtu aligeukia dirisha. Mama akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Alikutaka. Mimi ndiye niliyemfungia mlango."

Treni ilikuwa inapunguza mwendo. Akasimama mwenyewe, akaenda mlangoni akishika viti, na iliposimama akashuka. Nikashuka nyuma yake na mifuko. Kituo kinaitwa Tozawa, hakina mtu, kibanda cha mbao tu na benchi, na ndani ya kibanda kalenda ya mwaka juzi. Treni ikaenda zake. Tukabaki na mvua juu ya bati.

"Rudia ulichosema," nikamwambia.

Lazima nieleze. Miaka mitatu iliyopita Kiyoharu alikuja na habari kwamba amepata kazi kiwanda cha karatasi, mjini, na mtu na mkewe wanapewa chumba. Nilishaanza kukunja nguo. Nilishamwambia jirani achukue kuku. Kisha asubuhi moja akaamka amebadilika, akasema anakwenda milimani kwanza kutafuta pesa, mimi nibaki na Mama, ataniita. Hakuniita. Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nayo mimi.

"Usiku ule ulipolala," Mama akasema, "nilimwita jikoni. Nikamwambia, ukimchukua Fusae nitakufa peke yangu humu ndani, nitaonekana nikishanuka. Mwache. Wewe nenda unakotaka, lakini nyumba hii usiikanyage mpaka ukubali kurudi kulima mashamba ya baba yako. Nilijua mwezi haupiti atakuwa amerudi. Yule mwoga wa baridi. Hakurudi."

"Na hakuomba?"

"Aliomba. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Akasema, Mama, nije Mwaka Mpya? Nikamwuliza, umeamua? Akanyamaza. Nikakata. Mwaka wa pili akapiga tena, nikakata tena."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unanichemshia maji ya kuoga."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulikuwa tayari, na mkono ule ndio ulikuwa unamsugua mgongo kila jioni. Nikatoka nje ya kibanda, nikasimama mwisho wa jukwaa kwenye mvua, nikapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Sikusema neno lolote, ni kelele tu. Niliporudi alikuwa vilevile, kichwa chini, bakuli limetuna kifuani.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nilikuwa nataka nimbebe mimi mwenyewe. Nimwombe radhi njia nzima, nimfungulie mlango kwa mkono wangu, kisha ndiyo nikwambie. Sasa sitaweza. Miguu imekataa, Fusae. Na moto ni leo."

Nilisoma ratiba iliyobandikwa ukutani. Treni ya kushuka Omata ingepita muda si mrefu. Ya kupanda Kamiori ingekuja baadaye kidogo, na hiyo ndiyo ya mwisho inayowahi basi la kijijini. Mmoja angeweza kurudi kumtafuta, mmoja aende nyumbani. Wote wawili haiwezekani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe panda hiyo ya juu. Dereva atakusaidia, na basini wanakujua. Mimi narudi Omata. Nikimpata, nitamwuliza yeye anataka kwenda wapi. Akisema kwako, nitamleta. Akisema hapana, usitungoje. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Siendi kwa ajili yako."

"Ni haki yako," akasema. "Ila anza kwa kumwamsha. Utamkuta amelala."

Treni ya kushuka ikaja, nikapanda bila kumuaga. Nilipotazama dirishani alikuwa ameinama vilevile, anaongea peke yake.

Omata nilimfuata mkuu wa kituo, kijana mwenye glavu nyeupe, nikamwuliza lile behewa lililokwenda baharini linarudi lini.

"Linarudi jioni hii, mama. Umesahau kitu ndani?"

"Nimemsahau mume wangu."

Akaitazama mikono yangu, niliyokuwa nimeikunja tumboni sijui niiweke wapi, kisha akaangalia tarehe ukutani. "Jukwaa la pili," akasema. "Nitamwambia dereva asiwahi kuzima taa."

Nilikaa kwenye benchi la jukwaa la pili na maneno yangu yote. Nilikuwa nayo mengi. Kwa nini hukuniambia mimi? Ungepiga kwa jirani ningepokea mimi, ungeniita jina langu tu. Pumbavu wewe, miaka hamsini na kitu unakatazwa mlango na mama yako na unakubali. Na mimi nilikuwa nakutukana kila usiku, nikimtukana mtu asiye na kosa, na nikalibamiza bakuli lako. Mvua ilikuwa inaingia kwa pembeni, sketi ikaloa, sikuhama.

Behewa likaja likiwa na mchanga sakafuni. Walishuka watu wachache na taulo zao. Nikaingia. Kwenye kiti chetu, boksi la chakula lilikuwa palepale nilipoliweka, wali umekauka juu, plamu katikati. Hakuna aliyeligusa. Limekwenda baharini limerudi.

Siku tulipooana tulipanda treni hii hii, na alilala. Bwana harusi! Begani kwangu, mdomo wazi, na mimi nimevaa kimono cha kuazima naogopa atanichafua. Tulipofika nikamfinya sikio. Akashtuka akasema, "Tumefika wapi?" nikasema kwetu, akacheka.

"Amka," nikakiambia kile kiti. "Amka wewe. Tunashuka."

Nikageuza mgongo, nikainama, nikapeleka mikono nyuma. Nilingoja. Nataka hili lieleweke: sikuhisi kitu. Wala uzito, wala joto, wala upepo. Niliinama mbele ya kiti kitupu, mwanamke mzima, dereva amesimama na kofia mkononi. Nikasema, "Umeshika? Haya, twende," nikashuka.

Jukwaani nikasimama. Upande huu treni ya kupanda, upande ule treni ya kwenda mjini, kule kwenye kiwanda cha karatasi. Zote mbili zilikuwa zimewasha taa. Nikamwuliza kama nilivyoahidi. "Unataka wapi? Sema wewe leo. Hakuna mtu wa kukukatia simu." Hakusema. Hata alipokuwa hai, ukimwuliza swali la maana ananyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikotumaliza. Mjini tungefikia wapi? Hakuna aliyewasha moto kwa ajili yetu huko. Nikapanda ya Kamiori, na nilikaa ncha ya kiti.

"Daraja," nikamwambia. "Shikilia." Na kwenye handaki nikamwambia azibe pua.

Kamiori basi lilishaondoka, kama nilivyojua. Nikaanza kupanda barabara kwa miguu, mikono nyuma, mfuko nimeutundika shingoni. Mvua ilikuwa imekatika, mwanga unaisha. Lori dogo la mboga likasimama mbele yangu, mwanamume akatoa kichwa.

"Panda, mama, nakwenda mpaka darajani Kuzuhara."

"Siwezi kupanda. Nimembeba mtu."

Alinitazama, akazima redio. Akateremka, akafungua mlango, akanisukuma kwa kiuno kama gunia mpaka nikakaa, na viazi vilivyokuwa kwenye kiti cha kati akavihamishia miguuni kwake. Njia nzima aliendesha taratibu. Darajani akasema, "Daraja hili, bwana," kabla sijasema mimi.

Kigiza kilikuwa kimeshika. Nilipita malango ya majirani, mabua yameshageuka majivu, watu wako ndani, sauti za vyombo. Mbele, kwetu tu kulikuwa na moto. Moto gani ule! Mabua yalikuwa yameisha kitambo. Mama Shimeno alikuwa amechuchumaa langoni, ameshachoma fito za maharage, ameshachoma ufagio, na mkononi ameshika ndara yake ya mbao, moja, ya pili inawaka. Mashemeji zangu walikuwa barazani wamechoka kumsihi.

Aliiona miguu yangu, maana hawezi kuona zaidi ya hapo. "Amekuja?" akauliza.

Neno nilikuwa nimelibeba tangu Tozawa. Amekataa. Neno moja tu, na angeliamini, na angekufa nalo, na hakuna ambaye angejua. Lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa. Nilitazama ule mkono wenye ndara, umejaa masizi.

"Ana njaa," nikasema.

Akaiweka ndara chini. Akajaribu kuinuka, ikashindikana, shemeji mkubwa akaja akamshika. Akatoa bakuli kifuani, akaingia nalo jikoni, nikasikia kifuniko cha chungu cha wali.

"Shemeji, pole, umefika," wakaniambia. "Ingia umshushe."

Nikauvuka moto, nikaingia, nikapiga magoti mbele ya picha yake. Kilichobaki kilikuwa ni kufungua mikono na kusema, tumefika. Mama akaja na bakuli la buluu limejaa mpaka juu, akaliweka mbele ya picha, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo. Wote walikuwa wananingoja mimi. Mikono ikawa inauma kuanzia kwenye mabega. Wali ukapoa, ukaacha kutoa mvuke, na mimi bado nilikuwa nimemshika.